Kilio Kilichomfukuza Shizue Kwao

Telegramu ilifika asubuhi. Shizue alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni, brashi ya gundi mkononi, akibandika soli za viatu vya mpira. Aliifungua kwa vidole vinavyonata. Ilitoka kwa kaka yake Tokuzo, ambaye kwa miaka minne hakuwa amemwandikia hata salamu.

"Mama mahututi. Njoo peke yako. Usibebe chochote cha huko."

Alisoma mara tatu. Mara ya kwanza alimwona mama yake. Mara ya pili akaona yale maneno ya mwisho. Mara ya tatu hakuona kingine.

Jirani yake, Bibi Yang, mwanamke mnene wa kisiwa cha Cheju, Korea, alikuwa anaponda nguo kwa gongo kando ya mfereji. Siku zile mtaa mzima wa Ikaino, wenye Wakorea wengi, ulilia kwa magongo hayo toka alfajiri, tap tap tap, na ukipita ulijua nani yuko nyumbani na nani amegombana na mumewe. Leo nguo zinazungushwa ndani ya sanduku la umeme, na majirani hawajuani. Hata jina la Ikaino limefutwa kwenye ramani ya Osaka. Watu walisema linashusha bei ya viwanja.

"Nani amekufa?" akauliza Bibi Yang.

"Bado hajafa. Mama yangu."

"Basi unangoja nini hapo? Nenda! Na kitabu chako ukifunge kifuani, sikia? Si mfukoni. Kifuani."

Kitabu hicho kilikuwa kidogo, cha kurasa chache, chenye picha yake, jina la ukoo wa mumewe, na alama nyeusi ya kidole chake cha shahada. Kilikuwa kitabu cha wageni. Kila mgeni aliyetimiza miaka kumi na minne ilimpasa kuwa nacho popote aendapo, na askari akikuomba ukawa huna, ni kosa la kufungwa. Wapo waliokamatwa wakitoka bafu la umma, taulo shingoni, kitabu kimebaki nyumbani kwenye kabati. Na watu wa Ikaino walijua njia ya kituo cha polisi mara nyingine inaendelea hadi Omura, kwenye kambi wanakokusanywa watu kabla ya kupakiwa melini na kupelekwa Korea.

Shizue hakuwahi kuiona Korea hata siku moja. Alizaliwa Tsunozaki, pwani ya Iwami, kwa baba mfinyanzi wa vigae, na baba wa baba yake amezikwa pale. Alikuja Osaka msichana wa kiwanda cha nyuzi. Mwaka wa 1940 aliolewa na Hyon Tal-su, kijana mpole wa Cheju aliyefanya kazi kwenye karakana ya viatu. Wakati ule Korea ilitawaliwa na Japani, na serikali ilibandika matangazo hadi vyooni kwamba watu wa visiwa hivi na watu wa peninsula ile ni mwili mmoja. Karani alipiga mstari juu ya jina lake kwenye daftari la ukoo wa baba yake, akalihamishia kwenye daftari la ukoo wa Hyon huko Cheju, akampongeza. Ndivyo wanawake wote walivyofanyiwa walipoolewa. Shizue aliona ni karatasi tu.

Vita vikaisha. Wanawake wa nchi wakapewa kura kwa mara ya kwanza, naye akavaa kimono chake kimoja kizuri akaenda kupiga. Jina halikuwapo. Mwaka wa 1952 ukatoka waraka kutoka wizarani: wote ambao madaftari yao yako peninsula si raia tena kuanzia leo. Alilala Mjapani akaamka mgeni, bila kutoka mlangoni kwake. Mkataa kwao ni mtumwa, walisema wahenga. Hawakusema mtu akikataliwa na kwao awe nani.

Tal-su alikuwa amekwenda kununua mpira upande wa pili wa mji, na treni haikungoja. Shizue alimwachia binti yao Ok-sun ujumbe, akafunga nguo mbili kwenye kitambaa. Kitabu alikishika mkononi muda mrefu. Alimjua kaka yake: angelifungua furushi lake kabla hajavua viatu. Na kifuani je? Nyumba ya mgonjwa watu wanalala pamoja, wanaoga kwa zamu, wanavuana nguo. Tokuzo alikuwa na binti, Michiyo, aliyeposwa na watu wa mjini wenye kiwanda cha pombe ya mchele. Posa za namna hiyo huchunguzwa. Shangazi mwenye kitabu cha wageni angetosha kuivunja.

"Nakwenda kwetu," akajiambia. "Kwetu nani ataniuliza?"

Akakirudisha kabatini. Ndilo kosa lake lote.

*

Asubuhi ya pili treni ilikuwa inatambaa kando ya bahari ya Iwami, na askari wawili wakaingia behewani.

Shizue aliwaona kwa pembe ya jicho. Wiki ile ile mashua ilikuwa imetupwa ufukoni kutoka Korea, na waliokuwamo wametawanyika milimani. Kila kituo kilikuwa na tangazo: Ukiona mtu usiyemjua, toa taarifa. Mikono yake ilipata baridi hadi kwenye kiwiko. Aliifunika kwa furushi.

Karibu naye alikaa mama mmoja muuza samaki wakavu, kapu miguuni, mdomo haujafungwa tangu walipopambazukiwa.

"Nyie kila siku mnatusumbua," aliwaambia askari. "Mnatafuta Wakorea? Si huwa wananuka vitunguu saumu? Haya njooni mninuse mimi kwanza, labda nitapata mume."

Behewa zima likacheka. Askari kijana akawa mwekundu masikioni. Shizue naye akacheka, midomo imefungwa. Juzi usiku alikuwa amekula kabichi ya pilipili ya Bibi Yang, na ile kabichi ni vitunguu saumu nusu.

"Na wewe, mama? Unatoka wapi?"

"Osaka. Nakwenda Tsunozaki. Mama yangu yu taabani." Alisema kwa lafudhi ya kwao, ile ya kuvuta maneno ambayo Osaka walimcheka kwayo. Haikuwa imeondoka hata kidogo.

"Pole," akasema askari, akapita.

Muuza samaki akamgusa goti. "Mbona unatetemeka, mwanangu? Umeshikwa na homa?"

"Njaa tu."

Akapewa kipande cha samaki. Alikitafuna hadi kituo cha tatu, hakimezeki.

*

Tokuzo alimngoja mlango wa nyuma, vumbi la tanuri la vigae bado kwenye nyusi zake. Hakumsalimu. Alichukua furushi, akalifungua juu ya pipa la maji, akapekua nguo moja moja hadi kwenye pindo.

"Kile kitabu chako?"

"Nimekiacha."

"Vizuri." Alishusha pumzi. "Sikiliza. Wewe ni mke wa Yamane, muuza viatu wa Osaka. Mume ana kazi nyingi. Una mtoto mmoja. Ukiulizwa zaidi, lia."

"Kaka, nimekuja kumwona mama."

"Na mimi nina binti wa kuoza. Wakwe wanakuja. Shizue, nakuomba." Hapo ndipo Shizue alipoona kwamba kaka yake naye anaogopa. Mwoga akimtegemea mwoga, nyumba imebaki bila mlinzi.

Mkewe Tokuzo, Fusae, alitoka jikoni, mwanamke mfupi asiyesema sana. Akamwinamia Shizue. "Karibu, wifi. Ingia. Anakuuliza toka jana."

Mama yao, Bi Hatsu, alikuwa amelala chumba cha ndani, amekonda hadi godoro halionyeshi kama kuna mtu. Kando yake aliketi jirani, Bi Kiyo, ambaye akijua jambo asubuhi, adhuhuri limefika kila nyumba. Shizue alishika mkono wa mama yake. Ulikuwa mwepesi kama jani.

"Shizue? Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Mumeo anakula?"

"Anakula."

"Na yule mtoto." Bi Hatsu alipumzika, akavuta pumzi. "Sijui hata jina lake. Tokuzo hanisomei barua zako. Anaitwa nani?"

Tokuzo alikohoa mlangoni. Bi Kiyo alikuwa amesogeza sikio.

Shizue alifungua kinywa. Ok-sun, alitaka kusema. Jina lile alilichagua baba mkwe wake kwa barua kutoka Cheju, nao wakakaa siku saba kulijaribu mdomoni.

"Sachiko," akasema.

"Sachiko," akarudia mama yake, akatabasamu. "Jina zuri. Sachiko." Aliendelea kulitaja taratibu mchana kutwa, kama mtu anayehesabu shanga.

*

Bi Hatsu alikata roho kesho yake asubuhi, jua limekwisha kutoka.

Watu wa Iwami hawapigi kelele msibani. Wanalia ndani ya mkono wa kimono, wanaomba radhi kwa machozi yao. Majirani waliingia mmoja mmoja, wakapiga magoti, ubani ukawashwa. Afande Nagami, askari wa kijiji, alifika pia kutoa pole, akawa anafungua kamba za viatu ukumbini. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu. Tokuzo alilowesha midomo ya marehemu kwa pamba na maji, kama ilivyo desturi. Fusae akafuata. Kisha Michiyo. Kisha Shizue akapewa pamba.

Aliigusa midomo ile iliyolitaja jina la uongo. Ilikuwa imeanza kukauka.

Hakujua sauti ilitoka wapi. Ilianzia chini ya mbavu, ikapanda, ikapasua.

"Aigooo! Aigo, mama yangu! Aigo, aigo!"

Viganja vikaanza kupiga mkeka. Kiwiliwili kikayumba mbele na nyuma. Sauti ikashuka kwa mkwaruzo, ikapanda tena, na katikati akamlaumu marehemu kwa kumwacha, akamwuliza ameondoka na nani, amekula nini njiani. Ndivyo wanawake wa Ikaino wanavyolia. Shizue alikuwa amelia hivyo kwa baba mkwe, kwa mume wa Bibi Yang, kwa watoto wa majirani walioungua kwenye mabomu, miaka kumi na sita, mpaka mwili ukasahau kulia kwingine. Kilikuwa kilio cha watu wanaojua kulia. Sasa hata Ikaino hakipo. Kuna kampuni ya mazishi, kuna pazia, na waombolezaji wanatazama saa.

Aliponyamaza, wote walikuwa wamemgeukia. Bi Kiyo alikuwa ameziba mdomo. Tokuzo alikuwa mweupe kama unga wa mchele.

Na ukumbini, Afande Nagami alikuwa amesimama, kiatu kimoja mkononi.

Kabla ya vita kuisha, Nagami alikuwa askari kule Korea, miaka minane. Kila mtu wa Tsunozaki alijua hivyo. Shizue peke yake hakujua.

"Mama," Nagami alimwambia kwa adabu. "Njoo jikoni kidogo."

*

Jikoni sakafu ilikuwa ya udongo, na Shizue alisimama peku. Fusae alikuwa kwenye jiko, mgongo umewaelekea, anachochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Kilio kile nakijua," akasema Nagami. "Nilikisikia kila nilipokwenda kumchukua mtu. Kitabu chako."

"Sina."

"Huna, au hukubeba?"

"Sikubeba. Kiko Osaka. Afande, mimi nimezaliwa chumba kile pale. Shule nimesoma hapa. Mwalimu wangu alikuwa Kajitani, aliyekuwa na mguu mfupi…"

"Waliotoka kwenye mashua wiki hii," alimkatiza taratibu, "mmoja wao ni mwanamke wa umri wako. Anazungumza Kijapani kuliko mimi. Nitajuaje?"

Shizue alitazama miguu yake peku. Aliiona Omura, ambayo hakuwahi kuiona: ukuta, bahari, meli. Alijiona ameteremshwa bandarini katika nchi ambayo lugha yake alijua kupikia na kulilia tu. Ok-sun angerudi shuleni akute kigoda kitupu. Akashika ukingo wa pipa.

"Jina lako limo kwenye daftari la nyumba hii?" akauliza Nagami.

"Limo. Limepigwa mstari."

"Basi kaka yako anaweza kukudhamini. Nitaandika: huyu ni mtoto wa ukoo wa Kuwatani, aliolewa, ana kitabu Osaka, anaondoka leo kwa treni ya mchana. Yeye apige muhuri wa nyumba. Asipopiga, nakupeleka mjini, na huko si mimi nitakayeamua." Akatoa karatasi, akaandika akiwa amesimama, akaita, "Kuwatani!"

Tokuzo alikuja akasimama mlangoni, hakukanyaga udongo. Alisoma ile karatasi bila kuishika.

"Afande, karatasi hii inakwenda wapi?"

"Inakaa kituoni kwangu."

"Wakwe za binti yangu wakija kuuliza kituoni?"

"Wakiuliza, wataonyeshwa."

Kutoka chumba cha ndani ilisikika sauti ya Bi Kiyo ikieleza jambo kwa watu waliokwisha kulishuhudia.

"Kaka," Shizue akasema. "Nina mtoto."

"Na mimi ninaye." Tokuzo hakumtazama. "Afande, dada yangu aliolewa Osaka zamani. Tulipoteana. Huyu… sina hakika."

Shizue alimwangalia kaka yake aliyembeba mgongoni kuvuka mto, akaona kweli hana hakika. Hofu imeshaifanya kazi yake.

"Huna hakika?" Nagami aliuliza. Hata yeye alionekana kuona haya.

"Sina."

Basi Nagami akaanza kukunja karatasi. Hapo Fusae akaweka chini koleo la moto. Akafuta mikono kwenye aproni, akampita mumewe mlangoni bila kumgusa, akaingia chumba chenye madhabahu ya marehemu wa ukoo. Walisikia droo ikivutwa. Akarudi na muhuri na kikopo cha wino mwekundu.

"Fusae," akasema Tokuzo. "Fusae! Una wazimu?"

"Ilete hapa, Afande."

"Mkuu wa nyumba ni yeye," akasema Nagami.

"Sheria mpya inasema hakuna mkuu wa nyumba. Mlitutangazia nyinyi wenyewe uwanjani, kwa kipaza sauti." Alifungua kikopo, kifuniko kikaanguka na kubingirika chini. "Mimi nilizaliwa Oda. Nilipoolewa hapa, jina langu kwa baba yangu likapigwa mstari vile vile kama la huyu. Karani kama yule, kalamu kama ile. Kama siku ile baba angenipeleka kwa mwanamume mwingine, leo ningesimama mimi hapo peku."

"Na Michiyo?" Tokuzo alisema kwa sauti iliyovunjika. "Umemfikiria mwanao?"

"Namfikiria. Naye ataolewa. Naye atapigwa mstari."

Akapiga muhuri. Ulikaa upande, lakini ulisomeka.

Nagami alipuliza wino, akaweka karatasi mfukoni. Nakala hakumpa. "Treni ya mchana," akamwambia Shizue. "Si ya jioni. Nami nitakuwapo."

"Mazishi ni kesho," Shizue akasema.

"Najua."

*

Alipewa nafasi ya kuvaa viatu. Hakuruhusiwa kurudi chumba cha ndani. Tokuzo alisimama mlangoni pake, mikono imeshika nguzo mbili. Fusae alimfungia vitonge vya wali kwenye kitambaa. "Nenda, wifi, nenda," alinong'ona, akimsukuma kiunoni kama mtu anayemtoa mwenzake kwenye nyumba inayoungua. Pembeni ya jicho lake kope ilikuwa inarukaruka. Baada ya mlango kufungwa, Shizue alisikia sauti ya kaka yake ikipanda, kisha kitu cha udongo kikavunjika. Akasimama. Afande akamgusa bega, wakaendelea.

Njia ya kituo cha treni ilipita mbele ya nyumba kumi na saba, na kila mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyemsalimu. Alitembea akiangalia mahali pa kuweka miguu, na kila hatua alingoja jiwe. Halikuja jiwe.

Treni ilikuwa bado. Walisimama jukwaani, yeye na Nagami, mbalimbali kama watu wasiojuana. Ndipo Tokuzo akaonekana anakuja mbio, amevaa nguo nyeusi ya msiba, jasho linamtiririka. Shizue alirudi nyuma hadi ukutani. Alidhani amekuja kuikana ile karatasi.

Tokuzo alisimama hatua tatu mbele yake. Alitengeneza kola. Akaunganisha visigino, akainama, mgongo umenyooka, kichwa chini kabisa. Ni ile heshima ambayo watu wa Iwami hawafanyiani wenyewe kwa wenyewe. Wanamfanyia mtu baki.

"Tunakushukuru," alisema kwa sauti ya ukumbini, "kwa kusafiri kutoka mbali kuja kutuhani. Safari njema."

Hakuinua kichwa. Alikuwa anangoja jibu lake, na jibu la heshima hiyo ni moja tu. Shizue alitazama kisogo cha kaka yake, mvi zimeanza, vumbi la vigae bado limo. Kutoka nyuma Nagami alikuwa anawaangalia.

Akainama naye, chini vile vile.

"Poleni kwa msiba wenu," akasema.

Treni iliingia. Alipanda, akakaa upande wa bahari, mikono juu ya vitonge vya wali. Nagami alibaki jukwaani hadi mlango ulipofungwa, akatoa saa yake, akaitazama, akaandika.